Mkate, Kura na Vidole Vitatu: Riwaya ya The Hunger Games katika Historia

Riwaya zinazotungwa kwa ajili ya vijana aghalabu haziishi miaka mingi. Kijana akifika makamo huziacha kama aachavyo nguo zilizombana, na kizazi kinachomfuata hutaka zake. Kwa sababu hiyo wanachuoni wengi huziona hazistahili kalamu ya mhakiki, sembuse ya mwanahistoria. Lakini The Hunger Games, riwaya ya Suzanne Collins iliyotolewa Marekani mwezi wa Septemba 2008, haikukubali kwenda njia hiyo. Pamoja na vitabu viwili vilivyoifuata, Catching Fire cha 2009 na Mockingjay cha 2010, imeuzwa nakala zaidi ya milioni 100. Na kubwa kuliko mauzo ni jambo hili, kwamba ishara moja iliyobuniwa ndani ya kurasa zake ilitoka kitabuni ikaingia barabarani, ikachukiwa na serikali ya kijeshi, na watu walio hai wakakamatwa kwa kuitoa. Kitabu kilichofika huko chapasa kupimwa pande zote mbili: uzuri uliowavuta watu wengi kiasi hicho, na upungufu ambao uzuri huo umeufunika.

Hadithi yenyewe ni nyepesi kusimulia. Katika magofu ya Amerika ya Kaskazini imesimama nchi iitwayo Panem. Mji mkuu wake, Capitol, unaishi kwa anasa juu ya jasho la wilaya zilizouzunguka. Zamani wilaya 13 ziliasi zikashindwa. Ya 13 ikasemekana kuwa imefutwa, na 12 zilizosalia zikatozwa kodi ya damu. Kila mwaka kila wilaya hutoa mvulana mmoja na msichana mmoja, wenye umri wa miaka 12 hadi 18, waliochaguliwa kwa kura. Wahanga hao 24 hutiwa katika uwanja mkubwa wauane mpaka abaki mmoja, ilhali televisheni inaonyesha kila tone la damu, na wazazi wa watoto hao wanalazimishwa kutazama. Katniss Everdeen, msichana wa miaka 16 kutoka Wilaya ya 12, nchi ya makaa ya mawe, anajitolea kwenda mahali pa mdogo wake Primrose, ambaye jina lake limetoka katika kura ya mwaka wake wa kwanza.

Collins alizaliwa mwaka 1962. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi la anga na mjuzi wa historia ya vita, naye alipelekwa Vietnam wakati binti huyo akiwa na umri wa miaka sita. Mtunzi mwenyewe ameeleza kwamba wazo la riwaya lilimjia usiku mmoja alipokuwa akibadilisha vituo vya televisheni: kituo kimoja kilionyesha vijana wakishindania zawadi, kingine kilionyesha vita vya Iraki, na kwa usingizi mambo hayo mawili yakaanza kuchanganyika machoni pake. Juu ya wazo hilo aliweka elimu ya kale. Wagiriki walisimulia jinsi mji wa Athene ulivyolazimishwa kupeleka wavulana saba na wasichana saba Krete waliwe na Minotauro, mpaka Theseus alipojitolea kwenda. Kutoka Roma alichukua michezo ya mauti ya watumwa wapiganaji, na habari za Spartacus aliyeuasi utumwa huo. Jina Panem ni neno la Kilatini lenye maana ya mkate, nalo limetolewa katika shutuma ya mshairi Juvenal juu ya raia wa Roma waliouza haki yao ya utawala kwa chakula cha bure na tamasha. Hata majina ya watu yamegawanywa kwa hila ya mwalimu. Wakubwa wa Capitol wanaitwa Seneca, Caesar na Coriolanus. Maskini wa wilaya wanaitwa kwa majina ya mimea, na Katniss mwenyewe ni jina la mmea wa majini ambao mizizi yake huliwa. Mtu aliyeitwa kwa jina la chakula ndiye anayeifundisha Panem maana ya njaa.

Wako waliodai kwamba riwaya hii ni wizi. Mwaka 1999 Mjapani Koushun Takami alitoa Battle Royale, hadithi ya wanafunzi 42 wa darasa moja waliotupwa kisiwani wauane kwa amri ya serikali, na mwaka uliofuata ikafanywa filamu. Collins amesema hakuijua hadithi hiyo mpaka alipokwisha kukabidhi mswada wake. Ubishi huo umeendelea kwa miaka mingi bila kuzaa tunda. Kura ya mauti kijijini ilikwisha kuandikwa na Shirley Jackson mwaka 1948. Vijana wanaotembea mpaka wafe mbele ya watazamaji waliandikwa na Stephen King mwaka 1979. Na Minotauro ni mkubwa wao wote. Chenye faida ni kuangalia kila mtunzi alilitendea nini wazo hilo. Takami aligawa hadithi yake kwa wanafunzi wengi, ili kila anayekufa awe amejulikana kwanza. Collins aliifunga yote katika kinywa cha msichana mmoja, asemaye kwa wakati uliopo, asiyejua kama ataifikia kesho. Uamuzi huo umeleta karibu kila jema la kitabu hiki, na karibu kila kosa lake.

Jema la kwanza ni hesabu. Watunzi wengi wa nchi za dhuluma hutosheka kusema kwamba watawala ni wabaya. Collins anaonyesha dhuluma inavyofanya kazi, na anaionyesha kwa tarakimu ambazo mtoto wa shule aweza kuzijumlisha. Jina la mtoto huingizwa katika kura mara moja atimizapo miaka 12, mara mbili afikapo 13, na kuendelea hivyo mpaka mara saba afikapo 18. Kufikia hapo sheria yaonekana kuwa na usawa, kwa kuwa mwana wa meya na mwana wa mchimba makaa huhesabiwa kwa kanuni moja. Lakini maskini anaruhusiwa kuongeza jina lake kwa hiari, na kila nyongeza humpatia nafaka na mafuta kidogo ya kumlisha mtu mmoja kwa mwaka mmoja. Katniss amejiongezea mara tatu kila mwaka tangu alipokuwa na miaka 12, kwa ajili yake, mama yake na mdogo wake. Hivyo katika umri wa miaka 16 jina lake limo mara 20. Rafiki yake Gale, mwenye miaka 18 na jamaa ya watu watano, amo mara 42. Vipande hivyo vya nafaka vinaitwa tesserae, na hapa pia Roma inanong'ona, kwa maana neno hilo lilitumika kwa vipande ambavyo raia wa Roma walivionyesha ili wapewe nafaka.

Katika kanuni hiyo moja mna somo zima la siasa. Serikali haimlazimishi maskini kuongeza jina lake. Inamwachia njaa imlazimishe, kisha inaandika kwamba alichagua mwenyewe. Zaidi ya hayo, inapanda uadui baina ya wale wenye mkate wao na wale wanaoununua kwa majina ya watoto. Gale analiona hilo wazi na kulipigia kelele, lakini msituni tu, mahali pasipo na masikio. Vijana waliokipokea kitabu hiki mwaka 2008, mwaka ambao mabenki makubwa yalianguka na watu wengi wa Marekani wakapoteza nyumba zao, hawakuhitaji mfasiri.

Jema la pili ni njaa yenyewe. Jina la kitabu si pambo. Katniss huwatazama watu wote kwanza kwa jicho la mwindaji: nani amekula, nani hakula, mbavu zipi zinaonekana. Tukio lililo moyo wa hadithi halimo uwanjani. Ni siku ya mvua, miezi michache baada ya baba yake kufa katika mlipuko wa mgodi, wakati yeye akiwa mtoto asiyejua atawalisha nini mama na mdogo wake. Na mvulana wa mwokaji, Peeta, anaunguza mikate makusudi, anapigwa na mama yake, kisha anamrushia msichana yule mikate aliyoiunguza. Hakuna neno linalosemwa baina yao. Baadaye, katika uwanja, mtoto Rue wa Wilaya ya 11 anapouawa na Katniss kumpamba kwa maua, watu wa wilaya hiyo, ambao wenyewe wana njaa, wanachanga na kumpelekea msichana wa wilaya nyingine mkate wao. Ni tendo la kisiasa la kwanza katika riwaya nzima, na halina hotuba.

Jema la tatu ni jinsi kamera zilivyoingizwa ndani ya nafsi. Katniss anajua kwamba wafadhili wa Capitol hutuma dawa na chakula kwa mhanga anayewapendeza, naye anatambua upesi kwamba busu lina thamani ya bakuli la mchuzi. Kuanzia hapo hajui tena ni lipi alilolitenda kwa mapenzi na ni lipi alilotenda kwa njaa. Riwaya nyingi za vijana huuliza msichana atampenda nani. Hii inauliza kama mtu anayetazamwa saa zote aweza hata kujua anachokipenda. Pengine ni swali lililo zito zaidi leo kuliko mwaka ule lilipoulizwa.

Sasa upungufu. Kasoro iliyo wazi imo katika ugawaji wa vifo. Mtunzi amejenga uwanja ambao mtu hawezi kutoka bila ya kuua, akamwingiza humo msichana mwema, kisha akapita mbele yake akimsafishia njia. Rue, mtoto ambaye Katniss angelazimika siku moja kumuua, anauawa na mwingine. Thresh, aliyemwachia Katniss roho yake kwa ajili ya Rue, na ambaye kwa hiyo angekuwa mtihani mkubwa kuliko wote, anakufa nje ya macho ya msimulizi. Msichana mjanja wa Wilaya ya 5 anakula matunda ya sumu aliyoyaiba, Peeta akiwa ameyachuma kwa kutojua. Wale wanaokufa kwa mkono wa Katniss ni wale ambao msomaji amekwisha kufundishwa kuwachukia, au muuaji aliyekamatwa akiua, na wa mwisho anauawa kwa kuonewa huruma. Hivyo swali lililotangazwa mlangoni, mtu mwema atafanya nini akiamriwa kumuua mtu mwema, halipati jibu kwa sababu haliulizwi kabisa. Theseus alikwenda kumuua mnyama. Katniss alipelekwa kuua watoto, na riwaya, kwa kumhurumia, ikawageuza baadhi ya watoto kuwa wanyama.

Nchi yenyewe pia ni nyembamba. Wilaya ya 12 ina watu wapatao 8,000, nao ndio wanaosemwa kuwa wachimba makaa wa dola nzima. Hakuna dini, ingawa watu wanazikwa. Hakuna lugha mbili. Hakuna kumbukumbu ya jambo lolote lililotangulia Panem ila mistari michache. Haya yaweza kusamehewa, kwa kuwa msimulizi ni msichana ambaye shule yake ilimfundisha makaa tu. Vigumu kusamehe ni ukimya mmoja, nao wahitaji kuelezwa kwa urefu.

Collins ameiweka Wilaya ya 12 katika milima ya Appalachia. Milima hiyo ina historia. Tarehe 6 Desemba 1907 mgodi wa Monongah, katika jimbo la West Virginia, ulilipuka na kuua watu 362 kwa hesabu iliyoandikwa, wengi wao wakiwa wahamiaji waliotoka Ulaya. Wachimba makaa wa nchi ile waliishi katika nyumba za kampuni, mara nyingi wakilipwa kwa vipande vya kampuni ambavyo vilipokelewa katika duka la kampuni tu, hata deni la unga likawa mnyororo. Baba ya Katniss amekufa kifo cha Monongah, na vipande vya nafaka vya Panem ni ndugu wa vipande vile vya duka. Mpaka hapo mtunzi ameisoma nchi yake vema. Lakini watu wa milima ile hawakungoja msichana mwenye upinde. Walifanya vyama. Walifanya migomo, wakafukuzwa katika nyumba, wakaishi katika mahema wakati wa baridi pamoja na wake na watoto. Mwishoni mwa Agosti 1921 wachimba makaa wapatao 10,000, weusi kwa weupe na wageni kwa wenyeji, walishika silaha wakaandamana kuelekea mlima wa Blair katika wilaya ya Logan, wakapigana siku kadhaa na jeshi la mkuu wa polisi aliyelipwa na wenye migodi. Ndege za kukodi ziliwarushia mabomu. Walisalimu amri majeshi ya serikali kuu yalipofika, na mamia wakashtakiwa.

Katika Panem hakuna hata mkutano mmoja wa wachimba makaa. Wilaya ya 12 imeachiwa njaa ya Appalachia, na mlipuko wake, na nyimbo zake, lakini imenyang'anywa chama chake. Watu wake wanajua kuteseka na kuimba. Uasi unatoka nje, kutoka Wilaya ya 13 iliyojificha chini ya ardhi, na kwa wenyeji unaanza pale tu msichana aliyeteuliwa anapokuwa alama yake. Hii si kasoro ndogo, wala si ya Collins peke yake. Imo katika Divergent ya Veronica Roth, iliyotolewa 2011, na katika nyingi za jamii hiyo zilizomiminika baada yake. Riwaya inayowafundisha vijana kuichukia dhuluma, kisha ikawaambia kwamba dhuluma huondolewa na mteule, imewapa nusu ya elimu, na nusu waliyonyimwa ndiyo ngumu zaidi.

Msomaji wa Kiswahili ana kipimo chake cha jambo hili. Katika Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert cha mwaka 1951, mshitakiwa Karama anasimama mbele ya baraza, na kitabu kizima ni utetezi wake. Kosa lake ni kufundisha elimu ya sheria, na silaha yake ni hoja. Hapana mchezo wa damu humo, na kijana wa leo aweza kulalamika kwamba maneno ni mengi. Lakini linganisha na mwisho wa Mockingjay. Katniss amempiga mshale Coin, kiongozi wa waasi, baada ya kutambua kwamba dola mpya itakuwa mtoto wa ile ya zamani. Ni tendo kubwa, na laonyesha ujasiri wa mtunzi kuliko jambo jingine lolote aliloandika, kwa kuwa linawanyima wasomaji sherehe ya ushindi waliyoingoja kwa vitabu vitatu. Kisha inakuja kesi yake. Nchi inaamua kama kumuua mtawala asiyechaguliwa ni uhaini au ni haki, na papo hapo inajichagulia rais mpya. Yote haya hutendeka huku msimulizi akiwa amefungiwa chumbani, asiruhusiwe hata kuhudhuria. Mlango unafunguliwa, anaambiwa kwamba mambo yamekwisha. Palipo na swali la namna ya kuishi baada ya dhalimu, ukurasa ni mtupu. Shaaban Robert aliandika kesi tu. Collins aliandika kila kitu isipokuwa kesi.

Kuna kipofu kingine, ila huyu ni msomaji zaidi kuliko mtunzi. Rue ameelezwa waziwazi kuwa na ngozi ya rangi ya kahawia iliyokoza. Filamu ya kwanza ilipotoka Machi 2012, na mchezaji mwenye asili ya Kiafrika, Amandla Stenberg, akaonekana katika nafasi hiyo, baadhi ya vijana waliosema walikilia kitabu waliandika hadharani kwamba huzuni yao imepungua. Walikuwa wamesoma neno lile bila ya kuliona. Mtunzi hana lawama kwa macho ya watu. Hata hivyo kitabu chake kiliwarahisishia kutoona, kwa kuwa watu wa Wilaya ya 11 wanalima mashamba ya wengine chini ya mijeledi, kusini mwa nchi, na hakuna hata mstari mmoja unaosema kwamba jambo hilo liliwahi kutendeka katika ardhi ile kwa watu wa rangi ile.

Filamu zenyewe zilitajirisha wengi, na hapana haja ya kuzihesabu. Latosha jambo moja. Mwaka 2013, filamu ya pili ilipokaribia, kampuni ya CoverGirl ilitoa vipodozi vilivyopewa jina la Capitol, na matangazo yake yakawaalika wasichana kujipamba kwa mtindo wa mji ule. Ni kana kwamba Juvenal aliandika shutuma yake na siku ya pili wenye viwanja wakaichapa kwenye tiketi. Wakati huohuo wazazi wa upande mwingine walitaka kitabu kiondolewe mashuleni: Chama cha Maktaba cha Marekani kilikitaja miongoni mwa vitabu kumi vilivyopingwa zaidi katika miaka ya 2010, 2011 na 2013. Katika sababu zilizotolewa mwaka 2011 mlikuwamo uchawi na chuki dhidi ya familia, katika hadithi isiyo na mchawi hata mmoja, inayoanza na msichana anayekwenda kufa mahali pa ndugu yake.

Lakini vitabu huwa na maisha ambayo mtunzi hayaamrishi. Katika Wilaya ya 12 kuna ishara ya kale: mtu hugusa midomo kwa vidole vitatu vya katikati vya mkono wa kushoto, kisha huuinua mkono kuelekea amwagaye. Ni shukrani, ni heshima, ni kumuaga mpendwa, nayo hutumika mazikoni. Katika kitabu cha pili mzee mmoja wa Wilaya ya 11 anapiga mbinja ya Rue, umati mzima unainua vidole vitatu, na askari wanamuua mzee yule pale pale.

Tarehe 22 Mei 2014 jeshi la Thailand, likiongozwa na Jenerali Prayuth Chan-ocha, liliipindua serikali. Mikutano ya watu watano au zaidi ilipigwa marufuku. Wapinzani, waliokatazwa kusema, wakatafuta vitu visivyo na maneno. Wengine walikaa hadharani wakisoma Nineteen Eighty-Four ya Orwell. Wengine walikula mikate iliyobanwa nyama, mpaka kula mkate mahali fulani kukawa kosa. Na kuanzia Juni wengi walianza kuinua vidole vitatu. Ishara ya mazishi ikawa ishara ya kukataa. Tarehe 19 Novemba mwaka huohuo, Jenerali Prayuth alipokuwa akihutubia katika jimbo la Khon Kaen, wanafunzi watano walisimama mbele yake wakainua vidole, wakachukuliwa na askari. Siku iliyofuata filamu ya tatu ilipotoka, kampuni moja ya sinema mjini Bangkok ikafuta maonyesho yake. Haikuwa rahisi kupata mhakiki aliyeisoma riwaya hii kwa makini zaidi ya wale askari.

Ishara haikufa. Mwezi wa Agosti 2020 wanafunzi wa shule za sekondari za Thailand waliinua vidole vitatu wakati wimbo wa taifa ukipigwa asubuhi, na vijana wa vyuo vikuu wakaijaza miji kwa maandamano. Wengi wao walikuwa watoto wadogo riwaya ilipotolewa. Hawakuwa na mteule. Walikuwa na madai yaliyoandikwa: bunge livunjwe, katiba iandikwe upya, raia wasiandamwe kwa kusema. Waliiokota ishara kutoka kitabu chenye mteule na kisicho na katiba, wakautupa mteule, wakaiandika katiba pembeni.

Tarehe 1 Februari 2021 jeshi la Myanmar likapindua serikali, na katika siku za kwanza kabisa waganga na wauguzi walipigwa picha katika mavazi yao ya kazi, vidole vitatu juu. Tarehe 26 ya mwezi huo balozi wa nchi hiyo katika Umoja wa Mataifa, Kyaw Moe Tun, aliliomba Baraza Kuu lisiitambue serikali ya wanajeshi, akamaliza hotuba yake kwa kuinua vidole vitatu kutoka jukwaani. Kesho yake wanajeshi walitangaza kumfukuza kazi. Umoja wa Mataifa haukumwondoa, naye akaendelea kukikalia kiti kile. Barabarani hali ilikuwa nyingine. Kabla ya mwaka 2021 kwisha watu zaidi ya 1,000 walikuwa wameuawa, na katika waliopigwa risasi walikuwamo wasichana wenye umri wa Katniss, ambao hapakuwa na mtunzi wa kuwasafishia njia.

Collins hakutoa riwaya nyingine kwa miaka kumi baada ya Mockingjay, kisha akairudia Panem mara mbili. Katika The Ballad of Songbirds and Snakes, cha mwaka 2020, alimfuata dhalimu Snow akiwa kijana wa miaka 18, ili aonyeshe jinsi mtu mwenye njaa na majivuno anavyojifunza kuitetea dola inayoua. Katika Sunrise on the Reaping, kilichotolewa Machi 2025, alisimulia mashindano ya 50, ya Haymitch, mlevi aliyekuwa mwalimu wa Katniss, na mlangoni mwa kitabu aliweka maneno ya mwanafalsafa David Hume juu ya urahisi ambao kwao wachache huwatawala wengi. Humo imeonyeshwa jinsi uasi ulivyokuwa umeanza miaka 24 kabla ya Katniss kuushika upinde wake uwanjani, ukitendwa na watu wengi walioshindwa, ambao kamera za Capitol ziliwafuta. Basi mteule si wa kwanza tena, bali ni wa mwisho katika mstari mrefu. Wachimba makaa bado hawajakutana.